Sikio la Kushoto la Ochieng'

Kisumu, Ijumaa, mwezi wa nne, 1998. Alasiri. Mvua imepumzika, jua ni kali.

Leo jua limetoka tangu asubuhi baada ya siku nne za mvua, na jengo jipya linanuka rangi mpaka nimefungua madirisha yote. Ninaandika nikiwa humo ndani, juu ya meza ambayo miguu yake bado imefungwa karatasi ya dukani. Nimerudi kutoka msikitini muda si mrefu. Nimekaa hapa kwa sababu sitaki kwenda nyumbani, na sitaki mtu aniulize nina nini.

Jengo lenyewe ni zuri, nisiseme uongo. Lina orofa mbili. Chini ni ufinyanzi na uchongaji, juu ni uchoraji. Kuna mabomba ya maji katika kila chumba, rafu za mbao za saiprasi, na tanuri la umeme ambalo mpaka sasa hakuna aliyethubutu kuliwasha, mimi mkubwa wao. Huko tulikotoka tulikuwa na banda la mabati nyuma ya jiko la chuo. Mvua ikinyesha nilifundisha kwa ishara za mikono, na wanafunzi wangu walinuka maharagwe mchana kutwa.

Miaka kumi na moja nililililia jengo hili. Niliandika barua, nilimchosha mkuu wa chuo hadi akawa akiniona kwa mbali anageuza njia. Sasa nimelipata, na tangu tuhamie Jumatatu sijaweza kukaa ndani yake bila kutazama nyuma yangu.

Nitasema kwa nini. Wewe shajara nimekuambia mambo mengi, hata yale ya kunitia aibu kwa mke wangu, lakini hili nilikuficha. Niliziruka siku zile. Ukirudi nyuma utakuta kurasa tupu, na baada yake nikaanza tena kuandika habari za mvua na mishahara, kama kwamba hakuna kitu.

Kila asubuhi, kwa miaka miwili, nimekuwa nikikinyunyizia maji kichwa cha mtu aliyekufa.

Ni kichwa cha udongo. Alikifinyanga Ochieng', mwanafunzi wangu, kijana wa miaka ishirini na mmoja kutoka kule Sondu, na sura aliyoifinyanga ni yake mwenyewe. Aliazima kioo cha mke wangu kwa kazi hiyo. Mfinyanzi yeyote anajua kwamba kazi ambayo haijakwisha haiachwi ikauke, maana ikikauka huwezi kuongeza kitu tena. Unaifunika kwa kitambaa kibichi, unainyunyizia maji, na kesho yake unaikuta laini, inakungoja. Kichwa cha Ochieng' hakijakwisha. Hakina sikio la kushoto.

Basi nikawa nakinyunyizia. Siku ya kwanza nilijiambia ni kwa heshima. Baada ya mwezi nilijiambia nitakimalizia mwenyewe, nikipata moyo. Baada ya mwaka sikuwa najiambia kitu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wanafunzi, nikachota maji kwa kopo la bati, nikafunua, nikanyunyiza, nikafunika. Likizo zote nilikuja. Siku ya Idi nilikuja na kanzu yangu mpya.

Kule bandani hakuna aliyejua. Sakafu ilikuwa ya udongo, ikanisitiri, tone likianguka linanywewa hapo hapo. Hapa sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Jumanne asubuhi, siku yetu ya kwanza, nilikuta kidimbwi chini ya rafu, na mama anayefagia akaniuliza ni nani anamwaga maji kwenye nyumba mpya. Jumatano kidimbwi kilikuwa pale pale. Jana pia. Najua ni maji yangu mwenyewe, yanatiririka kwenye kitambaa na kudondoka. Najua. Lakini nikiwa nimekaa peke yangu nasikia lile tone linavyopiga sakafu, na nywele za mikono zinanisimama.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala hapa Kaloleni, na hakupenda kazi hii niliyoichagua. Alisema chora maua, chora herufi, chora majumba, lakini anayetengeneza sura ya mtu ataulizwa siku moja roho yake iko wapi. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia, Baba, hiyo ni midoli tu. Wiki hii nimemkumbuka sana.

Sasa niseme lile lenyewe.

Miaka miwili iliyopita tuliambiwa kuna wafadhili watakuja chuoni kuona kama sanaa yetu inastahili kujengewa nyumba. Walikuwa waje siku ya Alhamisi. Jumatatu ile nilizunguka banda langu nikitazama kazi za wanafunzi, nikaona za wengine ni za kawaida, vyungu na bakuli na tembo wa kila siku. Kazi moja tu ilinisimamisha, nayo ni kichwa cha Ochieng'. Kilikuwa kinakutazama. Nilijua wageni wakikiona hicho, nyumba tumepata.

Ila udongo ulikuwa umemwishia. Alitumia udongo mweusi wa ng'ambo ya ghuba, ule laini kabisa, ambao wanawake wafinyanzi wa upande ule huuchimba na kutuuzia. Udongo wa huku kwetu una mchanga. Huwezi kuuchanganya na ule mweusi, kwa sababu kila udongo husinyaa kwa kiasi chake unapokauka, na sikio la udongo mwingine lingeachana na kichwa likaanguka. Ochieng' alilijua hilo vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Na wanawake wa ng'ambo hawakuwa wanachimba. Mzee mmoja wa kwao, mama mwenye lile shimo, alikuwa amefariki, maiti iko nyumbani inangoja wanawe wafike kutoka mbali. Kwao udongo hauchimbwi wakati kuna mtu hajazikwa. Ukichimba, wanasema, unafungua mlango ambao mwingine ataingia. Na hata siku za kawaida shimo lile ni la wanawake, mwanamume hatii jembe.

Ochieng' alinieleza yote hayo kwa adabu. Alisema tungoje mazishi, ni Jumamosi. Alisema hata kikiwa na sikio moja wageni wataelewa, yeye atakigeuza upande.

Mimi nikamwambia udongo ni udongo. Nikamtajia methali ninayowaimbia wanafunzi wangu kila mwaka, udongo upate uli maji, yaani uufinyange ungali mbichi. Nikamwambia chukua mtumbwi, vuka, jaza ndoo moja, rudi. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa. Yeye hakuwa mtu wa kubishana na mwalimu. Alikuwa mtoto wa mtoni, wa Sondu, ziwa hakulijua sana, lakini mara kwa mara aliazima mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyezoeana naye kwenda kuchora ndege karibu na matete. Akachukua ndoo, akachukua na daftari lake la kuchorea, akaenda.

Mchana ule upepo uligeuka. Kila anayekaa hapa anayajua magugu maji, jinsi yanavyohama. Asubuhi ghuba iko wazi, saa nane imefungwa kijani kibichi utadhani ni uwanja wa mpira. Mtumbwi waliuona kesho yake, umekwama katikati ya magugu. Ndani mlikuwa na kasia, daftari, na ndoo iliyojaa udongo mweusi mpaka juu. Ochieng' hakuwemo. Wavuvi walimtafuta siku sita kwa miti mirefu na nyavu, wakikata magugu kwa panga, na magugu yakijifunga tena nyuma yao.

Hakupatikana mpaka leo.

Mkuu wa chuo alituita walimu akauliza ni nani aliyemruhusu. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Nilisema, "Sijui. Alikuwa na tabia ya kwenda kuchora ndege." Kila mtu akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kweli alikuwa na tabia hiyo. Ndoo wakasema ni bidii yake. Maneno yangu yote hayakuzidi pumzi moja, nami nimeyabeba miaka miwili.

Na haikuishia hapo. Wafadhili waliahirisha safari yao kwa sababu ya msiba, wakaja wiki tatu baadaye. Mkuu akaniomba niwaeleze habari za marehemu. Nikasimama mbele ya lile banda nikawaeleza juu ya kijana aliyeipenda sanaa hata akaifia. Nilisema vizuri, kwa sababu kusema najua. Mama mmoja kati yao alilia. Jengo likaja. Nilipoona wanachimba msingi nilikuwa mgonjwa siku tatu, nikamwambia mke wangu ni malaria.

Nyumbani kwao, Sondu, walizika yago. Sisi Waislamu wa mjini tuna taratibu zetu, lakini nimekulia kati ya Waluo na desturi hii naijua. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, hukatwa tunda la mti wa yago, lile refu zito lenye ganda gumu, likafungwa sanda, likalazwa kaburini mahali pa mwili. Hulia, huchinja, hunyoa, kila kitu hufanywa kama kwamba ni yeye. Nilihudhuria. Niliweka udongo kiganjani nikatupia kaburini pamoja na walimu wengine. Mama yake alinishika mkono akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe.

Sasa leo.

Mama Ochieng' alialikwa kwenye sherehe ya kesho ya kufungua jengo. Mkuu alimwandikia. Lakini yeye amekuja leo, saa mbili asubuhi, peke yake, amevaa leso ya kijani na viatu vya mpira vyenye matope ya Sondu. Nilikuwa ndiyo kwanza nachota maji. Nilikuwa nimechelewa leo kwa ajili ya mafundi wa taa. Nikageuka na kopo mkononi, yuko mlangoni.

Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikamwambia ningeagiza chai. Akasema chai baadaye. Alikuwa akitazama ukuta, madirisha, mabomba, kwa utulivu kama mtu anayekagua nyumba ya binti yake aliyeolewa. Kisha akasema hakuja kwa mambo ya sherehe. Alikuwa na swali, na aliona anifuate mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa sana na mtoto wake siku zile za mwisho. Akanieleza kwamba kule nyumbani walifanya yote yanayotakiwa, hakuna kilichorukwa, wazee wamehesabu wakarudia kuhesabu. Lakini Ochieng' hajatulia.

"Anakuja kwangu asubuhi, jogoo ikishalia," akasema. "Anasimama tu kwa mlango. Mwili yake iko kavu, Mwalimu. Ni kichwa tu inatoka maji. Inatoka, inatoka. Ananiambia, Mama, nipanguse. Nikichukua nguo nimpanguse, hayuko."

Nilikuwa bado nimeshika kopo. Nililiweka chini polepole, na maji kidogo yakamwagika kwenye ile sakafu ya kung'aa.

Akaendelea. Alisema angekuwa ni mtu wa kulowa mwili mzima, angeelewa, ziwa ndilo lililomchukua. Lakini kichwa peke yake, hilo hata wazee limewashinda. Akaniuliza kama Ochieng' aliwahi kuniambia ana maumivu ya kichwa, au kama aligombana na mtu akapigwa kichwani.

Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilikuwa kimesafiri kutoka Sondu kwa basi la alfajiri, kimekaa mbele yangu, kinauliza kwa heshima.

Ningeweza kusema sijui. Ningekuwa nimesema mara ya pili, na ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza. Nilifungua kinywa, na nadhani ndicho nilichotaka kusema. Lakini tone likaanguka kutoka kwenye rafu, akageuka kutazama, akaona kile kitu kilichofunikwa.

Nilikwenda nikafunua.

Hakupiga kelele. Alisimama, akakaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Nyathina." Mtoto wangu. Alikitazama muda mrefu sana. Nje mafundi walikuwa wanasukuma ngazi na mmoja anapiga mluzi. Kisha aliinua mkono akagusa paji la uso, akatazama vidole vyake.

"Mbona iko na maji?"

Nikamwambia. Nilianza na maji, kwamba ni mimi, kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Nilipomaliza hayo nikaona siwezi kuishia hapo, hayo si kitu. "Mama, mimi ndiye niliyemtuma," nikasema. Nikaeleza yote, wafadhili, udongo kuisha, alivyoniomba tungoje. Sikujitetea. Nadhani sikujitetea. Ninaandika haya nikijaribu kukumbuka kama niliweka mahali popote neno la kujisafisha, na kama niliweka Mungu anisamehe.

Alinisikiliza bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia kichwa.

"Na hawa wamama walikuwa matanga," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na alikuambia."

"Aliniambia. Nikamwambia udongo ni udongo."

Nilingoja anipige, nilingoja alie, nilingoja atoke nje aite watu. Lolote kati ya hayo ningelipokea kwa furaha. Yeye aliuliza ndoo iko wapi.

Ninayo. Nilipewa siku ile mtumbwi ulipopatikana, nikaifunga kwa nailoni, nikaificha chini ya meza ya banda nyuma ya magunia. Jumatatu niliihamisha mwenyewe kwa mkokoteni. Sijawahi kuifungua. Niliitoa kabatini nikaiweka mbele yake, nikakata kamba. Udongo ulikuwa bado laini, mweusi, unanukia ziwa.

Akapandisha mikono ya gauni, akachota kiasi cha konzi moja, akakaa akaanza kuukanda.

Yeye si mfinyanzi. Ni mkulima wa mahindi. Udongo ulimpasukia mara mbili, nikataka kumsaidia, nikajizuia. Alitazama sikio la kulia, akafinya, akatazama tena. Alilimaliza baada ya nusu saa hivi, sikio nene kidogo, la mtu aliyelifanya kwa kukumbuka. Kisha kwa ukucha wa kidole gumba akalitia mkato mdogo kwenye ncha ya chini.

"Hii sikio ilikuwa na alama," akasema. "Alianguka kwa jiwe ya kusaga, akiwa bado anatambaa."

Miaka mitatu nilimfundisha Ochieng', nilimtazama kila siku, na alama hiyo sikuwahi kuiona. Kama ningelimalizia mwenyewe ningeliweka sikio zima.

Sehemu ya kuliunganisha alinipa mimi. Nilichorachora mistari kwa kisu mahali pa sikio, nikachora na upande wa nyuma wa sikio lenyewe, nikapaka udongo uliorojeka kwa maji, nikalibandika. Yeye alishika kichwa upande wa pili kisitikisike. Lilishika mara moja. Ungedhani lilifinyangwa siku moja na kichwa. Hilo liliwezekana tu kwa kuwa kichwa hakijakauka, na hata sasa sijui nilifikirie vipi jambo hilo. Nimeamua kutolifikiria leo.

Nilimwambia ningeweza kukichoma kwenye tanuri jipya kiwe kigumu, kidumu. Ningelazimika kukikata utosi kwa waya na kukichota ndani, kwa maana kilivyo ni donge zima, kingepasuka motoni.

"Hapana," akasema. "Usimchome. Usimkate."

Akaosha mikono kwenye bomba jipya. Akajipangusa kwa leso yake, kisha akaigeuza leso upande uliokuwa mkavu, akarudi, akakipangusa kile kichwa. Alianza na utosi, akashuka usoni, nyuma ya shingo, akawa mwangalifu alipofika kwenye sikio. Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia, na sikustahili kulia mbele yake, lakini nililia.

"Sasa usimwekee maji tena," akaniambia. "Akikauka utamleta nyumbani. Tutamweka pale na yago. Na hayo maneno utasema wewe mwenyewe, mbele ya babake na ndugu zake. Mimi sitakusemea."

Nikamuuliza lini.

"Siku yenye amekauka."

Nikamkumbusha chai. Alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama akafikiri, kama kwamba jibu lake lilikuwa jambo la kupimwa.

"Chai yako siwezi kunywa bado," akasema, akaenda kutafuta gari la Sondu.

Hiyo ilikuwa saa nne. Nilikaa. Nilikwenda kuswali Ijumaa, sikumbuki hotuba ilikuwa ya nini. Nikapita kwa mkuu wa chuo nikamwambia hotuba ya kesho juu ya marehemu sitaitoa, amtafute mwingine, na asimwambie huyo mwingine aseme kwamba kijana aliifia sanaa. Alikasirika. Ameshachapisha jina langu kwenye ratiba. Aliuliza sababu, nikamjibu nitamwambia nikitoka Sondu, kwa kuwa baba yake kijana anapaswa kusikia kwanza. Alinitazama kwa namna mpya. Nadhani ameanza kuelewa, na nadhani kazi hii huenda nisiwe nayo kwa muda mrefu. Nyumba nimeipata, huenda nisiikalie. Haya.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikumwambia Mama Ochieng'.

Donge kubwa hivi halikauki haraka. Msimu huu wa mvua, likiwa wazi, litachukua wiki tatu, labda nne. Likifunikwa nailoni, miezi. Likinyunyiziwa maji kidogo kila asubuhi, halikauki kamwe. Yeye halijui hilo. Kule Sondu hakuna anayelijua. Nikiulizwa naweza kusema bado, Mama, bado bichi, na nitakuwa nasema kweli. Ninamwogopa baba yake. Nilimwona kwenye mazishi, mtu mrefu asiyesema, aliyesimama kando ya kaburi la tunda akiwa ameshika kofia. Ninaogopa kuingia boma lile nikiwa nimebeba kichwa mikononi, na watu wametoka nje kunitazama.

Mkono wangu umekwenda kwenye kopo mara mbili tangu nianze kuandika ukurasa huu. Ni mazoea, nasema. Si mazoea tu.

Dirisha la chumba hiki linatazama ziwani. Mchoraji wa ramani aliniuliza nataka madirisha yaelekee wapi, nikamwambia milimani, upande wa Nandi. Sijui ni nani aliyebadilisha. Kutoka hapa nayaona magugu, yamefunga ghuba yote leo, yametulia kabisa juani.

Nimeinuka. Nimemwaga maji ya kopo dirishani, nikalipeleka kopo lenyewe kwa mama anayefagia, nikamwambia ni lake, apandie maua. Ameuliza kama kile kidimbwi kimekwisha. Nimemwambia ndiyo.

Nimerudi kukaa. Udongo huanza kukauka palipo pembamba. Ncha ya sikio la kushoto, pale penye alama, imeanza kuwa nyeupe.

Kesho jogoo akishawika, Ochieng' atasimama mlangoni kwa mama yake au hatasimama, sijui. Mimi nitafika hapa saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Nitafika mikono mitupu.